Maji ya Wageni

Taa ya kipaza-ndoto iliwaka kijani, na mzee mmoja kutoka Kyela akavua kofia yake, akainama kwenye mdomo wa mashine kama mtu anayechungulia kisima.

"Ugonile, Ambakisye," alisema.

Maana yake ni kama kuuliza umelalaje. Ndivyo Wanyakyusa wanavyosalimiana, hata mchana, hata na mtu ambaye hajaona kitanda. Huyu aliyesalimiwa alikuwa amelala tangu mvua zilipoanza.

Nyuma ya kioo, kitandani, uso wa Ambakisye ulisogea. Nyusi zikapanda, midomo ikacheza kidogo. Mzee wa Kyela akawageukia waliokuwa wakingoja zamu kwenye mabenchi, macho yamejaa machozi ya furaha.

"Kanijua! Huyu kanijua!"

Kipaza-ndoto ni chombo rahisi kueleza, ingawa kukiunda si mchezo. Kinachukua sauti ya mgeni, kinaigeuza kuwa picha, kisha kinaipenyeza picha hiyo katika usingizi wa mgonjwa. Mgonjwa haamki. Anaota tu kwamba fulani amekuja. Kwa macho utaona kofia ya nyuzi laini kichwani mwa aliyelala na bomba la kuzungumzia lililotokeza nje ya kioo, basi. Mengine yote yalisimamiwa na akili mnemba ya hospitali, ambayo watu wa jiji la Rungwe waliipa jina la Nesi Mkuu, kwa kuwa ilikuwa na sauti ya upole na haikubali kubishiwa.

Jiji lile liliishi kwa mvuke wa mlima. Mabomba manene yaliyoota kuvu yalishuka kutoka visimani hadi mitaani, yakasukuma magari ya waya yaliyoning'inia hewani kutoka kilima hadi kilima, yakazipa nguvu mashine za kuchuma chai zilizotembea mashambani kwa miguu myembamba kama buibui. Ambakisye alikuwa mchimba mvuke. Siku moja koki ya kisima ilifyatuka, akavuta pumzi moja tu ya ile hewa ya chini, na pumzi hiyo ikamuunguza mapafu yote mawili.

Zamani angezikwa. Siku hizi madaktari walichukua kipande cha nyama yake mwenyewe, kidogo kama punje ya ulezi, wakakiotesha kikawa mapafu mapya, wakayapandikiza kifuani. Kisha wakamlaza usingizi mrefu ili mapafu yashike, yaani nyama mpya na ya zamani zizoeane. Kazi hiyo hakuna mashine inayoweza kuifanya. Mwili unaifanya wenyewe, ukipumzika.

Mapafu hayakushika. Wiki ilipita, na nyingine, mashavu ya Ambakisye yakazama, na kila asubuhi Nesi Mkuu alitangaza kwa ile sauti yake ya upole: "Mgonjwa ana dalili za upweke. Tafadhali ongezeni salamu."

Basi wakaongeza. Mkewe, Atuganile, fundi wa mabomba ambaye mikono yake ilikuwa na makovu mengi ya mvuke kuliko ya mumewe, ndiye aliyepanga zamu. Ukoo haukuwa mdogo. Walikuja kutoka Kyela, Busokelo na Mbeya, wakaja waliosoma naye, waliochimba naye, waliokunywa naye. Aliyekosa nafasi asubuhi alingoja jioni. Atuganile alikuwa amechoka kiasi kwamba alikuwa akijibu salamu za watu kabla hawajasalimia.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Huku mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na hospitali ilikataza chakula. Ndizi zilirudishwa getini. Maziwa ya mgando yalirudishwa getini. Mgeni alifika mabenchini akiwa hana kitu, hajui mikono aiweke wapi. Hapo ndipo macho yao yalipoangukia ua.

Lilikuwa ua la okidi, mali ya Ambakisye. Alilitoa kwenye mti ulioangushwa ili bomba lipite, akalilea nyumbani mpaka likachanua jeupe. Alipolazwa, Atuganile alilileta na kuliweka dirishani karibu na mabenchi, ili liwe karibu naye. Sasa kila mgeni, akimaliza kusalimia, alichota kikombe cha maji kwenye bomba la ukutani na kulimwagia. Ndiyo ilikuwa zawadi yake. Majani yakaanza kukunjamana kama ngozi ya mzee. Wageni walipoyaona wakasema, masikini, lina kiu, wakamwaga zaidi.

Harufu ndiyo iliyomwinua Atuganile benchini, harufu ya mtaro. Pua ya fundi wa mabomba haipuuzi kitu hicho. Alifuata bomba la ukutani, likawa zima. Akafuata sakafu, kavu. Mwisho akainamia chungu cha ua.

"Shemeji, unanusa ua au unaswali?" aliuliza Gwamaka, mdogo wake Ambakisye, mtu asiyeweza kukaa kimya hata msibani.

"Njoo unishikie hiki. Limeoza."

"Limeoza vipi, nalo kila siku linanyweshwa? Mimi mwenyewe leo nimelimwagia vikombe viwili. Kimoja changu, kimoja cha mke wangu, kakosa usafiri."

Walilitoa nje, kwenye kibaraza cha kufulia, mvua ikinyesha pembeni yao. Atuganile aligeuza chungu, akakigonga kitako. Likatoka bonge jeusi, zito, linalotiririka.

"Udongo?" alisema. "Nani kaliweka kwenye udongo?"

Gwamaka alikuna shingo. "Si ni Shangazi Subilaga. Alisema magome na mkaa si chakula cha mmea. Akaleta udongo wa nyumbani, na samadi juu. Shemeji, udongo wetu unaujua. Ukichomeka fimbo, kesho unachuma matunda."

Atuganile alilisogeza bonge kwenye bomba la kufulia. Alikumbuka Ambakisye akimweleza, akiwa amekaa chini na ua mapajani kama mtoto anayesukwa, kwamba hili si la udongoni. Huko msituni linang'ang'ania tawi, mizizi inaning'inia hewani. Mvua inailowesha, upepo unaikausha. Mizizi yake inahitaji kupumua kuliko inavyohitaji kunywa.

Aliiosha taratibu kwenye maji yanayotiririka. Udongo ulipoondoka, mizizi ikaonekana, mingi, ya kahawia. Alipoubana mmoja kwa vidole, ganda lilichomoka kama soksi iliyolowa, ukabaki uzi mtupu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

"Imekufa kwa maji," alisema.

"Na majani yamekauka kwa kiu," Gwamaka alisema. "Haiwezekani vyote viwili, shemeji."

"Inawezekana. Mzizi uliooza haunywi. Juu linakauka, chini linazama. Wewe unaona juu tu, unaongeza maji."

Alisema hivyo akitafuta mkasi, na baada ya kusema akasimama kidogo, mkono hewani, kama mtu aliyesikia anaitwa na hajui ni nani. Kisha akaendelea na kazi.

Aliupitisha mkasi kwenye moto wa jiko la wafuaji, akaanza kukata kila kilicholainika. Alikata mpaka Gwamaka akageuza uso.

"Utabakiza nini sasa?"

Ilibaki mizizi mitatu mifupi, migumu, ya rangi ya majivu, ambayo ikilowa inageuka kijani. Gwamaka alitumwa kwa muuza chai wa getini, akarudi na mdalasini wa unga kwenye karatasi. Atuganile aliupaka kwenye kila kidonda, kama mumewe alivyokuwa akifanya, ili usiingie uozo mwingine. Akaacha vidonda vinywe hewa. Jioni, vilipokauka, alilipanda kwenye kikapu cha mianzi chenye matundu, vipande vya mkaa chini, magome juu, akalifunga kwa kamba ya mgomba lisiyumbe. Maji hakulimwagia.

"Hata tone la kulikaribisha?" Gwamaka aliuliza.

"Hata tone."

Siku iliyofuata Atuganile hakukaa benchini na watu. Aliomba kiti ndani, upande wa miguuni mwa kitanda, akakaa. Hakutaka kuutazama uso. Uso kila mtu alikuwa akiutazama.

Mama mmoja wa kanisani alisalimia. Akaeleza habari za kwaya, habari za ng'ombe aliyezaa, habari za mvua. Mwisho akasema, "Haya mwanangu, mimi nakwenda, baki salama."

Chini ya blanketi miguu ya Ambakisye ikaanza kusogea. Wa kushoto, wa kulia. Wa kushoto, wa kulia. Taratibu, kwa mwendo wa kumngoja mama mtu mzima. Ikaendelea kwa muda, ikasimama, kisha ikasogea tena, safari hii haraka kidogo, kama mtu anayerudi. Kwenye kioo cha Nesi Mkuu, kilichoonyesha hali ya mgonjwa juu ya kitanda, likatokea neno: FURAHA.

Mgeni mwingine akaja, akaaga. Miguu ikatembea. FURAHA.

Atuganile alishika chuma cha kitanda. Alimjua mtu huyu. Ambakisye hakuwahi kumwacha mgeni aishie mlangoni. Alimsindikiza mpaka kituo cha magari ya waya, na kama mazungumzo yalikuwa matamu, mpaka kituo cha pili. Kuna siku alimsindikiza mtu hadi Kiwira na kurudi giza limeingia, chakula kimekuwa jiwe, anacheka. Sasa kule ndani usingizini watu walikuwa wakimiminika barazani kwake kutwa nzima, naye kila mmoja alimwinukia, akamtolea kiti, akamuuliza habari za watoto na ng'ombe, akamsikiliza, akamtoa mpaka njiani, akarudi akakuta mwingine amekwishaketi. Mtu aliyelazwa apumzike alikuwa hajakaa chini tangu mvua zianze.

Daktari Lusajo alimsikiliza akiwa amesimama, mgongo ukutani. Alikuwa na macho ya mtu ambaye kazi zake zote hazijaisha.

"Nesi Mkuu alifunzwa nchi za mbali," alisema mwishowe. "Kwa wagonjwa wanaotembelewa mara moja kwa mwezi, na wengine hawatembelewi kabisa. Kule mgonjwa akisinyaa, mara nyingi ni upweke kweli. Ukimpa salamu anachangamka uso. Mashine ikashika hivyo: akisinyaa, mpe salamu."

"Na anayesinyaa kwa wageni?"

"Kule hakuwepo wa kujifunzia."

"Basi zima."

"Dada Atuganile, nikizima, Nesi Mkuu atapinga, na lazima familia ikubali. Na sikufichi, mimi sina uhakika. Ulichoona ni miguu. Inawezekana umeona sawa. Inawezekana pia ni furaha kweli, na salamu hizo ndizo zinazomshikilia. Tukizima halafu tukawa tumekosea, atakaa kwenye ndoto yake akitazama baraza tupu. Ataamini mmemtupa. Mwili ulioamini hivyo haushiki mapafu."

"Ataishi muda gani tukiendelea hivi?"

Daktari alitazama chini. "Si muda mrefu."

Atuganile akaitikia kwa kichwa.

"Kitu kingine," daktari alisema. "Tukizima, tunazima kwa wote. Na wewe umo."

"Mimi si mgeni. Mimi mke wake."

Daktari alimfungulia mlango bila kumbishia. Alikuwa muungwana.

Jioni ile wageni walipokwisha, Atuganile aliinamia bomba la kipaza-ndoto kama alivyofanya kila jioni. "Ugonile, baba," alisema. Alimweleza kwamba ua lake limehamia kwenye kikapu. Alimweleza kwamba paa linavuja pale pale. Alimwambia anamkumbuka. Kisha akasema maneno aliyoyasema kila siku bila kuyafikiria: "Haya, nakwenda. Kesho."

Akazunguka haraka kwenda kutazama miguu.

Ilitembea. Wa kushoto, wa kulia. Ilitembea muda mrefu kuliko kwa mgeni yeyote, mpaka kituo cha kwanza, mpaka cha pili, na ilipofika mwisho ilikaa sana kabla ya kugeuka. Kurudi ilirudi polepole.

Atuganile aliketi sakafuni. Kwa hiyo kila jioni mumewe alimtoa nje ya nyumba yao wenyewe, akamwacha njiani kama mgeni, akarudi peke yake. FURAHA, kioo kiliandika.

Kumwambia daktari ilikuwa kazi ndogo. Kulikuwa na Shangazi Subilaga.

Shangazi alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, mwanamke mrefu mwenye bakora asiyoihitaji kwa kutembelea. Alisikiliza maneno yote, kisha akapiga sakafu mara moja.

"Tangu lini mgonjwa wetu akafungiwa mlango?"

"Shangazi, anachoka."

"Anachoka na nini, naye kalala? Wewe ndiye umechoka, mke wetu, na si dhambi kusema. Nenda nyumbani ukalale. Sisi tutakaa."

"Sijachoka naye."

"Watu watasema tumemtupa. Watasema mke kamficha afe peke yake. Utaweza maneno hayo?"

Atuganile hakutaka kubishana. Alinyanyuka, akaleta kikapu cha mianzi, akakiweka mapajani kwa yule bibi. Shangazi alisogeza magome kwa kidole. Akaona mizizi mitatu mifupi yenye ncha nyekundu za mdalasini.

"Mingine iko wapi?"

"Ilioza."

"Lakini nililiwekea udongo wa nyumbani." Sauti ya Shangazi ilishuka. "Udongo mzuri. Niliubeba mwenyewe, kwenye gari la waya, watu wananicheka."

"Najua, Shangazi. Ulikuwa mzuri. Ila haulifai ua hili."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kibaraza. Gwamaka alifungua mdomo kutia neno, shangazi yake akamtazama, akaufunga.

"Miguu," Shangazi alisema baadaye. "Una hakika ni miguu?"

"Twende ukaione."

Walikwenda. Mgeni wa zamu, mchimba mwenzake Ambakisye, alikuwa anaaga. Blanketi likaanza kucheza. Shangazi Subilaga alitazama, wa kushoto, wa kulia, na midomo yake ikawa inasogea pamoja na ile miguu.

"Baba yake alikuwa hivi hivi," alisema. "Tulikuwa tunamtuma mtoto amfuate, la sivyo harudi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Jamani. Tumemtembeza mtoto wetu mpaka amekonda."

"Tukikosea, Shangazi, atakufa akidhani hatukuja."

"Nimesikia." Alivuta pumzi ndefu. "Nani atakaa pale mabenchini awaambie watu warudi?"

"Mimi."

"Wewe watakutukana, na hutaweza kujibu, wewe ni mke. Mimi hakuna wa kunitukana, wote niliwafunga nepi. Gwamaka! Nitolee kiti changu, kile chenye mto. Kiweke mlangoni. Atakayekuja kumsalimia Ambakisye, atanisalimia mimi. Nitamuuliza ng'ombe wake, nitasikiliza kwaya yake, nitamsindikiza mpaka ngazini. Na ndizi walete, mimi sijakatazwa kula. Na ole wake atakayelimwagia ua lile maji."

Walimwendea daktari pamoja. Daktari Lusajo aliuliza mara ya mwisho, wakamwambia ndiyo. Akageuza ufunguo. Taa ya kijani ikazimika, nyekundu ikawaka, na Nesi Mkuu akasema kwa upole: "Onyo. Mgonjwa yuko peke yake." Alisema tena. Akaendelea kusema, kila baada ya muda, siku ile na zilizofuata, na hapakuwa na namna ya kumnyamazisha.

Miguu ilitulia siku ya kwanza. Siku ya pili ilisogea mara moja, kama mtu aliyesikia hatua uani, akainuka, akatazama, akarudi kukaa. Baada ya hapo ikanyamaza. Kama alikuwa amepumzika au amekata tamaa, hakuna aliyejua. Daktari alipima kifua na kusema hakijawa kibaya zaidi, na kwamba kwa leo neno hilo liwatoshe. Ua nalo lilikuwa vile vile, majani yamekunjamana kwenye kikapu. Halikuangusha jani wala halikutoa mzizi.

Atuganile aliendelea kuja baada ya kazi. Alikaa ndani, upande wa miguuni, akachambua mboga alizonunua njiani, akashona gwanda lake lililochanwa na bomba. Maneno yalimjaa kifuani akayameza. Mlangoni ilisikika sauti ya Shangazi ikipokea salamu, ikiuliza habari, ikicheka, ikichoka kwa niaba ya mwingine.

Jioni ilipofika alikunja gwanda, akaziweka mboga mfukoni, akasimama. Mazoea yalimvuta kwenye bomba la kuzungumzia, na hata midomo ilikuwa imeanza kufunguka. Akaifunga. Alizima taa ya mezani, akavuta blanketi likafunika vidole, akatoka taratibu bila kuaga, kama mtu aliyekwenda jikoni mara moja kuangalia sufuria.

Nyuma yake miguu haikusogea.